Matone Matatu ya Ijumaa

Miaka sita Truphosa aliikanyaga Ndia Kuu, barabara ya Mji wa Kale wa Mombasa, na kapu lake mkononi, na katika miaka hiyo sita hakumwingiza mtu hata mmoja katika dini yake. Si kwa uvivu. Viatu vyake vilitiwa soli mpya mara nne. Ila kwenda kuwahubiria watu wa Mji wa Kale habari za Mungu ni sawa na kwenda kumfundisha Mgiriama kukwea mnazi: atakusikiliza kwa adabu, kisha atakuonyesha unapokosea.

Alitoka upande wa Tanganyika, karibu na ziwa, binti wa mzee wa kanisa aliyeitwa Oloo. Wazungu wa misheni ya kwao walimfundisha ukunga. Aliolewa, akafiwa na mume, na kabla ya hapo alikuwa amezika mtoto mmoja aliyeishi muda wa kuchemsha chai tu. Kasisi alikuwa mbali siku hiyo, mtoto akaenda bila maji ya ubatizo, na wazee wa kanisa wakamzika nje ya ua wa makaburi yao. Babake Truphosa alikuwa mmoja wa wazee hao. Hakuna aliyelizungumza tena jambo hilo, naye hakulizungumza na mtu.

Mwaka wa 1941 kanisa lilimwekea mikono kichwani, likamkabidhi Biblia ya Kiswahili, likampeleka nchi ya watu akawahubirie akina mama wa Mombasa. Kwao alikuwa mmishenari, na kila Jumapili jina lake lilitajwa katika maombi. Mombasa alikuwa mkunga wa misheni, na wenye haraka walimwita yule Mjaluo.

Aliishi katika chumba cha nyuma ya zahanati ya Misheni ya Betania, kwenye kichochoro kilichotokea Ndia Kuu. Alfajiri aliamshwa na adhana. Mwaka wa kwanza alijiziba masikio kwa mto. Mwaka wa pili alianza kupiga magoti palepale muadhini alipoanza, akasali sala zake mwenyewe, maana aliona ni upuuzi kujifunika shuka na mji mzima umeamka kumwomba Mungu. Kisha chai ya rangi, na sukari ya kupimiwa kwa kuwa vita vilikuwa vikiendelea, pasi ya makaa juu ya gauni jeupe, na safari ya nyumba kwa nyumba.

Walimpenda, na hilo ndilo lililomchanganya. Angepigwa mawe angejua la kufanya, yameandikwa. Lakini walimpa kahawa na halua, wakamwonyesha watoto wenye vidonda, na akifungua Biblia walikusanyika kweli kusikiliza. Siku moja aliwasomea habari za Yusufu mpaka mwisho, na bibi mmoja akamwambia kwa huruma, "Bi Truphosa, hapo umeruka. Hukuwataja wale wanawake waliojikata mikono kwa visu walipomwona Yusufu alivyo mzuri." Truphosa alirudi chumbani akavitafuta visu hivyo katika Biblia yake, ukurasa kwa ukurasa, asivione, maana vimo katika Kurani. Alicheka peke yake mpaka akaona haya.

Mkuu wa kituo alikuwa Misi Garland, Mwingereza mrefu ambaye jua lilimchoma mwaka aliofika na hakuirudia tena rangi yake. Hakuwa mtu mbaya. Alifunga vidonda vinavyonuka bila kukunja uso. Ila aliamini kwamba kazi isiyoandikwa haikufanyika, na kila baada ya miezi mitatu alikaa na kalamu yake kuwaandikia wafadhili wa misheni, akauliza, "Wangapi, Truphosa?"

"Bado, Misi."

Katika kabati la zahanati kulikuwa na kitabu cha ubatizo chenye jalada la buluu. Kililetwa kituo kilipofunguliwa, na ukurasa wake wa kwanza ulikuwa mweupe kama siku ulipotoka dukani. Vita vikaisha, na Januari ya mwaka 1947 ikaja barua: kituo kisichozaa matunda hata mwisho wa mwaka huo kitafungwa. Misi aliisoma kwa sauti, akaikunja, akaenda kuosha chupa za dawa zilizokwisha kuoshwa.

Nyumba moja Truphosa aliipenda kuliko zote, nyumba ya Mwanakuu, mjane wa makamo mwenye ulimi mwepesi na mkono mpana. Nyumba za Mji wa Kale zina daka, ukumbi mdogo nyuma ya mlango wa barabarani, wenye viti vya mawe huku na huku. Muuza samaki, mgeni wa mara moja, mtu asiyejulikana vizuri, wote huishia hapo. Huletewa kahawa, hujibiwa kwa adabu, na hapiti. Miaka miwili Truphosa alinywa kahawa ya Mwanakuu dakani.

Kisha homa ikamlaza. Siku ya pili ya homa hiyo aliona buibui jeusi mlangoni pa chumba chake, na ndani yake Mwanakuu na bakuli la uji wa pilipili manga. Alikuja siku tatu mfululizo, akamkanda kwa maji ya moto, akamsema kwa kulala na dirisha limefungwa. Truphosa alipopona alikwenda kushukuru, akaketi dakani pake pa siku zote.

"Mbona wakaa hapo kama mtu aliyeleta kuni?" Mwanakuu akamwuliza, akimpungia mkono apite. "Ndoo ndani."

Siku hiyo Truphosa aliandika barua ya kurasa nne kwenda kwao, yote juu ya mlango mmoja. Kwa Misi hakulitaja, kwa sababu ni jambo lisilohesabika.

Huko ndani, kwenye mkeka, Mwanakuu alimwekea sharti. "Nikwambie kitu, mwanangu. Humu ndani sema utakalo. Mimi ni mtu mzima, hutanitoa nilipo, wala mimi sikutoi ulipo. Lakini nakuomba kitu kimoya. Wajukuu wangu, Mungu akinijaalia, uniatie katika dini yetu."

"Nimekuahidi, mama," alisema Truphosa, na siku ile aliona ni ahadi nyepesi, kwani wajukuu wenyewe hawakuwapo.

Mwanaesha, binti pekee wa Mwanakuu, aliolewa na Jaffar, fundi cherehani wa hapo hapo Ndia Kuu, na mimba tatu zilimharibikia. Ya nne ilishika. Ilipotimia walimtaka Truphosa na si mkunga mwingine, na uchungu ukaanza Ijumaa moja ya Aprili, asubuhi.

Saa saba hivi wanaume wote walikuwa msikitini. Maduka yalifungwa, kichochoro kilikuwa kitupu, na sauti ya khutba ilisikika kwa mbali. Mtoto wa kiume alitoka na kitovu kimemzunguka shingo mara mbili. Alikuwa wa samawati. Mikono ilining'inia.

"Yuwapumua?" Mwanakuu akauliza.

"Bado, mama."

"Asende bila kuadhiniwa!" Katika nyumba ile kumwadhinia mtoto sikioni ilikuwa kazi ya mwanamume, na mwanamume hakuwapo. Mwanakuu alijitupia buibui kichwani, akatoka mbio, miguu mitupu, kumtafuta Jaffar.

Truphosa alibaki na mzazi aliyelegea kitandani, macho ameyafumba, na mtoto asiyelia. Alimvuta ute kwa mrija. Alimsugua mgongo. Alimpulizia mdomoni, pumzi ndogo ndogo za shavuni kama alivyofundishwa. Moyo ulikuwa ukipiga kwa mbali, kisha polepole, kisha akawa hana hakika kama anausikia wa mtoto ama wake mwenyewe.

Walipomfundisha ukunga walimfundisha na hili: mtoto akikata roho na kasisi hayupo, usingoje mtu. Chukua maji, taja jina, tia mara tatu. Walimwambia pia kwamba hilo ni kwa watoto wa waumini, tena kwa idhini ya wazazi, lakini hilo alilikumbuka baadaye. Kitabu cha buluu hakikumjia akilini. Hilo aliliapa maisha yake yote, na mimi nalisadiki. Kilichomjia ni kaburi dogo nje ya ua.

Akachovya vidole kwenye beseni. "Samweli," alisema, kwa sauti ya kuogopa, "nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Matone matatu. Samweli ndilo jina ambalo mtoto wake mwenyewe hakuwahi kupewa. Kisha akainama akapuliza tena, na mtoto akakohoa, akageuka mwekundu, akalia kilio cha mtu aliyeonewa.

Kama ni pumzi au ni maji, hakujua siku ile wala hakujua baadaye. Hakupata nafasi ya kufikiri, kwani mlango uligonga ukuta na Jaffar akaingia, kanzu ameikamata mkononi, Mwanakuu nyuma yake akihema. Jaffar alimpokea mtoto, akampangusa paji la uso kwa mkono wa kanzu, akamwadhinia sikio la kulia kwa sauti iliyokatika katika. Mwanakuu akajishika kiuno akalia. Majirani walipoanza kuingia aliwaambia mmoja mmoja, "Neno la kwanza kulisikia mwanetu ni jina la Mungu, kwa kinywa cha babake!" Truphosa aliwapa mgongo, akaosha makasi yake mara tatu.

Siku ya saba mtoto alinyolewa, mbuzi akachinjwa, akaitwa Sheikhan. Truphosa alipelekewa sinia la pilau na jozi ya leso mpya. Jaffar mwenyewe, mtu asiyezoea kusema na wanawake wa watu, alisimama mlangoni pa zahanati akasema, "Mungu ndiye aliyetupa, lakini kwa mikono yako, Bi Truphosa." Pilau ile hakuweza kuila. Aliwapa wagonjwa.

Kila siku alikwenda kumtazama mzazi, kwa kuwa ni kazi yake, na kila siku alikwenda na maneno mdomoni akarudi nayo. Leo kuna wageni. Leo Mwanaesha amelala. Leo Mwanakuu ana furaha, nani aiharibu? Mtu akitaka sababu za kunyamaza hazikosi. Alisali, akajiambia kwamba amefanya mema, akajiambia kwamba ameiba. Alimtazama mtoto akinyonya, akajikuta anamwita Samweli moyoni. Hapo alijiogopa, na hakuwa na mtu wa kumwambia.

Mwisho alimwambia Misi, siku ya thelathini na tatu. Mzigo ulimzidi, akautua mahali palipokuwa karibu. Majuto ni mjukuu, na huyu alikuwa mjukuu wa mtu mwingine.

Misi Garland alivua miwani. Machozi yalimtoka, machozi ya kweli, maana naye miaka tisa alikuwa amelima juu ya mwamba. Akafungua kabati, akafungua kitabu cha buluu, akaandika kwa mwandiko wake ulionyooka: nambari moja, Samweli, mwana wa Jaffar na Mwanaesha. Kisha akageuza kitabu, akampa kalamu. Aliyebatiza sharti atie sahihi. Truphosa alitia.

"Alhamisi nitawapelekea cheti," Misi akasema. "Kwa upole kabisa. Wana haki ya kujua, na mtoto ana haki ya kulelewa katika imani yake."

"Misi, watanifukuza."

"Wengi walifukuzwa kabla yako, Truphosa, na Bwana alikuwa nao."

Hapo ndipo Truphosa alipoona alichofanya. Jumanne ilikuwa inakwisha. Jumatano asubuhi alikuwa mlangoni pa Mwanakuu.

Mwanaesha alikuwa kitandani, tumbo limekazwa mkanda, siku sita tu zimebaki atimize arubaini yake. Mwanakuu alikuwa akimpaka mtoto mafuta ya nazi. Truphosa hakuketi. Aliyasema yote akiwa amesimama, maji, jina, matone matatu, kama mtoto wa chuo cha Kurani anayesoma mbele ya mwalimu.

Hawakupiga kelele. Mwanakuu aliendelea kumpaka mtoto mafuta, mguu mmoja, kisha wa pili.

"Nalikuona," alisema Mwanaesha. "Nalifungua mato. Nikakuona wachovya vidole."

"Akanambia siku ile ile," Mwanakuu akasema. "Nikamwambia nyamaa, mumeo asisikie. Truphosa ni mtu wangu, atakuya mwenyewe aniambie. Kesho atakuya. Siku thalathini na nne nasema kesho."

Truphosa alianguka kwenye mkeka. "Alikuwa anakufa, mama. Wangu alikufa bila maji. Walimzika nje ya ua."

Mwanakuu aliinua kichwa. Akamlaza mtoto, akamvuta Truphosa kwa mkono wenye mafuta. "Mwanao? Umekuwa na mwana? Miaka yote hii wala humu ndani hukunambia?" Akamfuta machozi kwa ncha ya leso yake. "Masikini. Sikiza. Mwana mchanga hana dhambi ya kuoshwa, kwetu sisi. Angalikufa angalikufa wetu, akaenda peponi. Hayo maji sina neno nayo. Maji yalikauka. Babake aliyapangusa kwa kanzu yake wala hajui alichopangusa. Umekuya, umesema, basi yamekwisha. Mimi, wewe na Mwanaesha. Hakuna mwingine ajuaye."

Angenyamaza, yangeishia hapo. Lakini kesho yake ilikuwa Alhamisi.

"Misi yuwajua," Truphosa akasema.

Mkono wa Mwanakuu ulisimama. "Yuwajua vipi?"

"Nalimwambia jana. Ameandika kitabuni. Kesho ataleta cheti."

"Na wewe?"

"Nimetia sahihi, mama."

Mwanakuu aliutoa mkono wake polepole, akaufuta kwenye leso. "Mimi nimemfita mkwe wangu siri yako," alisema, "siku thalathini na nne nimekula naye sinia moya nikamtazama usoni. Wewe huyu hukuweza kuniambia mimi. Ulikwenda kumwambia wa kitabu." Akamchukua mtoto. "Mwambie Misi wako asiye hapa na cheti chake. Nawe wende, mwanangu. Mwana ataka kulala."

Alhamisi Misi alitoka na kofia yake, mwavuli na bahasha. Truphosa alikuwa amesimama kwenye mlango wa zahanati, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita hakumpisha.

"Ukienda, Misi, nitamwambia Jaffar kwamba hakuna lililofanyika. Nitasema nalikudanganya wewe ili kituo kisifungwe."

"Utasema uwongo? Juu ya ubatizo?"

"Nitasema. Nitaapa."

Misi aliketi kwenye benchi la wagonjwa na kofia yake kichwani, bahasha mapajani. Hakwenda. Barua ya wafadhili nayo hakuiandika, kwa kuwa angeandika nini, na shahidi wake mwenyewe yuko tayari kumkana? Lakini Truphosa alipomwomba aung'oe ule ukurasa, alitikisa kichwa. "Kitabu cha kanisa hakifutwi," alisema, akafunga kabati, akatia ufunguo mfukoni. Tangu siku hiyo walifunga vidonda pamoja bila kuzungumza mengi.

Truphosa aliendelea na kazi yake. Alizalisha watoto wengine kumi na mmoja mwaka huo, na kila akichovya kitambaa kwenye beseni alihakikisha mama wa mtoto anamwona. Alfajiri alipiga magoti adhana ilipoanza, akakaa hapo muda mrefu, bila maneno. Kwa Mwanakuu hakuitwa. Wakikutana njiani walisalimiana vizuri tu, hujambo, sijambo, na kwenu, na kila mmoja akashika njia yake.

Desemba kituo kilifungwa. Masanduku yalipigwa misumari, ya Misi yakaandikwa Ulaya, ya Truphosa yakaandikwa Kisumu, bandari ya kuvukia ziwa kwenda kwao. Gari moshi lilikuwa la alasiri. Asubuhi alivaa gauni lake lililopigwa pasi, akajitanda leso moja katika ile jozi aliyopewa, akaenda kuaga.

Mwanakuu alifungua mwenyewe. "Karibu, mwanangu," alisema, akanyoosha mkono kuonyesha kiti cha mawe, hapo dakani.

Truphosa aliketi. Kahawa ililetwa, na tangawizi yake, na kisahani cha halua. Mwanakuu aliketi kiti cha pili, akamwuliza safari ni ya siku ngapi, na huko kwao kuna baridi, na babake angali hai. Adabu haikupungua hata chembe. Hapo Sheikhan akatokea akitambaa kutoka ndani, mnene, amevishwa kofia iliyomzidi kichwa. Alifika kizingitini akasimamisha kichwa, akamtazama mgeni, akanyoosha mkono.

Truphosa aliikunja mikono yake mapajani, akaikamata isiende.

"Kile kitabu ki wapi?" Mwanakuu akauliza.

"Kimetiwa sandukuni, mama. Kinakwenda Ulaya."

"Na mwanangu yumo?"

"Yumo."

Mwanakuu alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeambiwa bei na kuiona ni ile ile ya jana. Akainuka, akamwokota mtoto kizingitini. "Mungu akufikishe salama," alisema, akageuka akaingia naye ndani.

Truphosa aliimaliza kahawa, akakirudisha kikombe kwenye sinia. Alikaa kidogo zaidi, kama labda ataitwa. Alisikia Mwanakuu akimwimbia mtoto huko ndani. Akachukua kapu lake, akaufunga mlango wa barabarani taratibu, akaifuata Ndia Kuu.